Mwenye Ngamia Tamu

Jirani yangu muuza maziwa ya ngamia hamuuzii mtu kabla hajaonja. Anasuuza kifuniko cha chupa, anakijaza na kukunyooshea kwa vidole vinavyonukia moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa: "Onja kwanza." Hata mteja wa kila asubuhi anaonja. Majuzi kijana mmoja wa hapa mjini alifungua ukurasa wa Facebook kwa jina la biashara ya mama huyo, Ngamia Tamu, kisha akampigia simu: alinunue jina hilo, la sivyo alisahau kabisa. Mimi nilitaka twende polisi. Yeye alicheka mpaka akashika kiuno, halafu akaanza kumwambia kila mteja, "Kesho agiza huko Facebook." Wakaagiza, kuanzia Yamumbi mpaka Plateau, na maziwa yalipokosa kufika wakamporomoshea kijana matusi.

Jana kijana akaja mwenyewe, simu ikilia mfukoni. "Mama, chukua peji yako. Watu wako wataniua!"

Mama alisuuza kifuniko polepole, akakijaza. "Onja kwanza."

Kijana akanywa, akalamba midomo, akatazama chupa.

"Ni tamu?"

"Tamu sana, Mama."

"Basi andika hivyo huko kwa peji, watu wangu wasome. Halafu ndio unipe paswadi."