Chandarua cha Wageni

Kazi yangu, ukiyaondoa maneno makubwa, ni kuuliza maswali ya kukera. Naishi Mkolani, na mvua zikianza napanda gari Buzuruga, napita Kisesa, nashuka lami inapoishia, kisha bodaboda inanifikisha kwenye kijiji kimoja cha kando ya ziwa ambako malaria imekataa kuhama. Vyandarua viligawiwa nyumba kwa nyumba. Dawa mseto ipo zahanati. Lakini watoto wa pale wakawa wanaugua tu, na sisi watafiti tukatumwa kutafuta sababu. Naipenda kazi hii mno. Wapi tena utaruhusiwa kuingia vyumbani mwa watu, ukachungulia vitanda vyao, halafu ukakaribishwa matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, na chai ya maziwa?

Nyumba iliyotushinda ilikuwa ya mama mmoja kijana. Chandarua chake hakikuwa na tundu hata moja, na kilichomekwa chini ya godoro pande zote. Mimi mwenyewe kwangu sichomeki hivyo. Lakini mwanawe, kitoto kichangamfu ambacho hakijaanza shule, hakikukaa wiki nyingi bila homa. Zahanati muuguzi alimgombeza mama huyo mbele ya foleni nzima, akamuuliza kama chandarua anafugia kuku. Mama mkwe wake, aliyeishi naye boma moja, alikwisha kutangaza kisimani na kanisani kwamba mkamwana wake ni mzembe. Wanawake wenzake wakaacha kumwachia watoto wao walipokwenda shamba. Hilo, aliniambia, ndilo lililomuuma kuliko yote, maana yeye anapenda watoto.

Nikamuuliza kwa mara nyingine kama mtoto analala ndani ya chandarua. Akatazama chini, akawa anachora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Chandarua kipo, dada. Umekiona."

Nilikereka. Mimi hasira zangu ziko karibu, ila hazidumu, na siku ile mvua ilizizima. Ilinyesha mpaka kijito cha njiani kikajaa, na mwenye bodaboda akapiga simu kusema havuki, nimngoje asubuhi. Mama mkwe alifurahi kana kwamba mvua kaiagiza yeye.

"Kalibu, Mhaya! Mgeni halali kwa mkamwana, analala kwangu. Ila leo hakuna ndizi, utakula ugali kama sisi."

Nikala ugali na sato mpaka nikaona aibu. Tulipomaliza, bibi akafungua sanduku lake la bati, akatoa chandarua kipya, bado kimo kwenye mfuko wake, kinanukia dawa. Akapanda kigoda, akakitundika juu ya kitanda chake huku akihema.

"Chandalua hiki ni cha wageni," akasema. "Nilikiweka. Askofu akija, atalala humu. Sasa umekuja wewe."

Kichwa changu cha Kihaya kikavimba. Nikaingia, nikajinyoosha katikati ya kitanda. Ndipo mlango ukafunguliwa, wajukuu wakaingia na shuka zao, wakajitandaza kwenye mkeka sakafuni. Yule mgonjwa wangu alikuwa miongoni mwao. Hakuna aliyewaita. Walikuja kama walivyokuja kila jioni, kusikiliza hadithi na kulala, kwani katika boma lile mtoto akishaachishwa ziwa, usiku ni wa bibi yake. Maswali yetu yote tuliyauliza nyumbani kwa mama. Hatukuwahi kuuliza mtoto analala kwa nani.

Na mama alijua. Lakini mkamwana atamtamkia nani kwamba mama mkwe wake anawalisha mbu wajukuu? Mimi nami nilikuwa mgeni, nimeshiba samaki wa mwenyeji wangu. Bahati nzuri bibi mwenyewe akanifungulia njia. Alimgusa yule mtoto begani akamwambia, "Mume wangu, sogea kidogo."

"Bibi," nikasema kutoka ndani, "hii ndoa gani? Mimi mgeni nimelala kama malkia, mume wako yuko nje anatafunwa na mbu!"

Akacheka. Alicheka mpaka akaketi, watoto nao wakacheka bila kujua wanachekea nini. Kisha kicheko kikamkatikia. Akamtazama mtoto.

"Na ndiye huyu anayeugua," akasema taratibu. Akainua pindo la chandarua. "Ingieni. Wote."

Tukalala tumebanana, goti la mtu likiwa mbavuni mwangu mpaka kukakucha. Sijawahi kuchoka kwa raha namna ile.

Asubuhi bibi alikwenda moja kwa moja jikoni kwa mkamwana wake. Mkamwana akapiga goti kumwamkia.

"Ulijua watoto wanalala nje ya chandalua?"

"Nilijua, mayu."

"Mbona hukusema?"

Mama kijana akainua uso. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nikayaona meno yake. "Wewe, mayu, ungemwambia mama mkwe wako?"

Bibi akapiga makofi. "Yule? Ningekufa kwanza!"

Wakashikana, wakacheka mpaka uji ukafurika motoni. Furaha ikanijaa kifuani, nikajifanya napuliza moto ili moshi ndio ulaumiwe kwa machozi yangu.

Bibi hakungoja hata uji. Alijifunga kanga, akashuka kisimani, na sauti yake tuliisikia tulipokuwa: mzembe ni mimi, mkamwana wangu hana kosa, na ninyi nendeni mkafungue masanduku yenu. Alipokuwa bado anasema, wanawake wawili walijitenga wakapandisha kilima kuja upande wetu, majembe begani, watoto mgongoni.

Bodaboda ilipofika nilikwenda kumuaga mama kijana. Nilimkuta mlangoni, mtoto wa jirani mgongoni, wa mwingine mkononi. Hakuwa na nafasi hata ya kunipa mkono.