Jina la Babu kwenye Daftari la Kura

Mwanamke aliyekuwa akitafutwa nyumbani kwetu Eagan, Minnesota, alikuwa mimi. Kwa miaka minne nilisema hatumjui. Nilisema hivyo kwenye simu, nikasema mlangoni, na baya zaidi nikamwambia kaka yangu, ambaye kwa sababu ya uongo huo alinunua bastola.

Niliweka alama mahali pasipofaa, basi. Nilikwenda kuchukua leseni ya kuendesha gari, nikapewa fomu, nikaijaza nimesimama huku jicho moja liko kwenye ubao wa namba ili zamu yangu isinipite. Kulikuwa na swali kama nataka kuandikishwa kupiga kura. Nikaweka ndiyo. Sikuwa raia. Nilikuwa na kadi ya ukaazi tu, na asiye raia akijiandikisha kupiga kura Marekani anaweza kunyimwa uraia, hata kurudishwa kwao. Wala siwezi kusema sikujua. Kazi yangu ilikuwa ukalimani. Asubuhi nilikuwa katika hospitali za Minneapolis nikitafsiri maumivu ya watu, na mchana nilikaa na familia za wakimbizi kutoka Kongo nikiwajazia fomu. Kila mmoja nilimwambia, kidole changu kikiwa juu ya karatasi: "Mama, hapa usiguse. Hapa pana moto." Walinishukuru. Mmoja aliniletea sufuria nzima ya sombe, kisamvu cha kwao. Nina digrii mbili, ya pili ni ya fasihi, na labda hilo linaeleza mengi.

Kwetu pwani mtu ana jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Pasipoti yangu ilibeba yote matatu. Karatasi za kaka ziliishia kwa baba. Karani wa leseni alipoyaona majina matatu aliyageuza, akaanza na la mwisho. Kwa hiyo sikuandikishwa mimi hasa. Aliandikishwa mwanamke ambaye jina lake la kwanza ni la babu yangu, mzee aliyezikwa Lamu kabla sijaanza shule.

Kadi ya kwanza ilikuja kwa posta wiki chache baadaye. Ilimkaribisha mpiga kura mpya na kumwambia kituo chake ni shule ya msingi, mitaa miwili kutoka kwetu. Niliichana vipande vidogo, nikavitupa kazini. Tangu siku hiyo nikawa wa kwanza kufungua sanduku la barua. Wifi yangu, mke wa kaka, alidhani nimepata mchumba.

Barua ningeweza kuziwahi. Simu ya nyumba sikuweza. Siku moja niliporudi kutoka kazini nilimkuta wifi amekaa karibu nayo, mikono mapajani.

"Kuna mzungu anamtaka babu yenu," akasema.

"Babu gani?"

"Babu yenu, marehemu. Amemtaja kwa jina. Ati yupo nyumbani?"

"Ukamwambiaje?"

"Nimwambieje? Nimemwambia keshakufa zamani. Akasema pole sana, ati atampigia wakati mwingine."

Nilicheka. Wifi hakucheka. Na kweli walipiga tena, kila yanapoanza kuanguka majani. Wengine walikuwa watu, wengine mashine: kimya, kama mtu anavuta pumzi, halafu jina la babu likitamkwa polepole na sauti isiyo na umri. Wifi akaanza kufukiza ubani kila Alhamisi. Kengele ya moshi ililia, tukafungua madirisha yote kwenye baridi ya Januari, tukakaa sebuleni na makoti tukimngojea babu atoke.

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu na nyumba ingetulia. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watu wasiguse pale penye moto, na niliona heri kaka na mkewe waogope marehemu kuliko wanicheke. Kisha nikazoea. Na baada ya kuzoea, nikaanza kuhisi kwamba yule mwanamke yupo. Wagombea walimwandikia kwa jina la kwanza kama rafiki wa siku nyingi, wakimuuliza maoni yake kuhusu mabwawa na shule. Hakuwa na hofu ya barua. Alasiri za baridi, theluji ya nje ikiwa imegeuka buluu, nilikuta kiti cha jikoni kimevutwa nyuma, nami nilimfikiria yeye kabla ya kumfikiria wifi.

Mwaka wa pili, siku ya uchaguzi, nilikwenda kumtazama kwenye kituo chake, ile shule ya msingi. Nilijiambia nitaangalia tu kutoka ndani ya gari. Saa tisa alasiri, theluji ilikuwa ndiyo inaanza. Mzee mmoja mwenye sweta nzito alitoka kumwaga chumvi kwenye ngazi, akaniona, akanishikia mlango.

"Ingia," akasema. "Ndani kuna joto."

Nimelelewa kutokataa karibu ya mtu mzima. Nikaingia. Ukumbi wa michezo wa shule ulinuka mpira na kahawa, na watu walipanga foleni bila kusema, kama wafanyavyo watu wa Minnesota, kimya cha mazishini. Nilikuwa nimejiandaa kusema namngoja mtu. Mama wa mezani aliponiuliza jina, mdomo wangu ukatoa jina la babu. Akafunua kurasa, akaligeuza daftari kunielekea, akaweka rula chini ya mstari. Tulikuwepo wote: babu, baba, mimi, anwani yetu, na mbele yake nafasi nyeupe ya saini. Akanipa kalamu. Ilikuwa na joto la mikono ya watu wengine.

Ninachokumbuka ni kusema nimeacha jiko linawaka. Nakumbuka kutembea haraka bila kukimbia. Nilipofika kwenye gari nikaona kifuani pa koti langu stika nyekundu, yenye maneno kwamba nimepiga kura. Pengine waliwabandika wote waliotoka. Ndivyo nilivyojieleza. Lakini kati ya kalamu na ile stika kuna sehemu ambayo kila nikiitafuta naona weupe tu.

Tangu hapo sikuogopa tena ile alama. Niliogopa kwamba yule mwanamke amepiga kura.

Mwaka uliofuata kaka, ambaye alikuwa msimamizi wa ghala, alisema amechoka kuishi na mtu asiyeonekana. Nyumba inayoulizwa kila mara mtu aliyekufa, alisema, ama ina jini ama kuna mwizi anayepeleleza ni nani yupo. Jini tumemfukizia. Akaenda kusomea kibali cha kubeba bastola, darasa la siku moja katika mji wa Oakdale. Kwa sheria ya huko mwenye kadi ya ukaazi aliweza kubeba bastola kiunoni, ila karatasi ya kura hakuruhusiwa kuigusa. Kaka alilipenda jambo hilo. Alilisema kwa wageni. Na kwenye chakula cha jioni hakukuwa na mjadala mwingine.

"Bastola nimeisomea," alisema, nayo iko pale pale kiunoni, shati limeinuka. "Nimepiga shabaha. Sherifu wa polisi amenichunguza mpaka meno. Kura watu husomea wapi?"

"Kura si leseni, kaka. Ni haki."

"Haki ya nani? Mtu hajui kusoma fomu aliyoishika, apewe yeye achague nani aende vitani? Mimi nikikosea nimeua mmoja. Yeye akikosea?"

"Na atapimwa na nani? Na wewe?"

"Hata na mimi. Maswali kumi. Akishindwa akae nyumbani atazame mpira."

"Watu wa ghalani kwako wakikatwa kodi, huulizwa maswali kumi?"

"Dada, usinipeleke kwenye kodi."

"Mimi sina bastola, sina kura," akasema wifi. "Kuna atakayenipa hiyo chumvi?"

Kaka akampa chumvi, ila alikuwa hajamaliza nami. "Na hawa waweka alama bila kusoma? Si wewe mwenyewe watusimulia? Mama wa watu kaweka ndiyo, sasa analia kwa wakili. Mtu wa hivyo, kura ataiweza?"

"Labda alikuwa amechoka."

"Amechoka. Nami nikifyatua risasi niseme nilikuwa nimechoka?"

Nilikuwa nikitetea haki za wanadamu wote kwa sauti ya mwalimu, na mwanadamu niliyemkusudia alikuwa mmoja, amekaa mezani anakula samaki. Hata hivyo sikuacha kubishana. Nilisema maneno mazuri sana. Nilisema silaha inampa mtu mmoja uwezo wa kumnyamazisha mwingine, na kura inampa kila mtu sauti ndogo iliyo sawa na ya mwenzake. Kaka akasema hiyo sauti ndogo imekuwa ikipiga simu hapa miaka mitatu, na angependa kuiona uso.

Aliiona mwaka wa nne, Jumamosi moja ya Oktoba, asubuhi ya saa nne. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyasi, nyumba ya jirani haionekani. Wifi alikuwa juu anapiga pasi. Kaka na mimi tulikuwa jikoni. Kengele ya mlango wa mbele ilikuwa imekufa tangu kiangazi, kwa hiyo hatukusikia kengele. Tulisikia hatua kwenye majani makavu. Zilikuja polepole, zikapita chini ya dirisha la sebule, zikasimama, zikaendelea kuizunguka nyumba. Kisha kwenye kioo cha ukungu cha mlango wa nyuma pakasimama kivuli, mkono ukagusa kioo, na sauti ya kizee ikamwita babu kwa jina lake. Mara mbili, kwa upole, kama anavyoamshwa mtu aliyelala mchana.

Kaka alikuwa ameshatoa bastola. "Nani anamwita babu?" akaniuliza, kwa Kiswahili, kwa sauti niliyoijua kutoka utoto wetu, kabla haijavunjika.

"Kaka."

"Nani yuko hapo?" akauliza kwa Kiingereza, akipaza sauti. Kivuli hakikujibu. Kiliita tena.

"Kaka, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Anayeitwa. Ni mimi. Iweke chini."

Alinitazama, akautazama mlango, akanitazama tena. Kwa muda mfupi mdomo wa bastola haukujua kati yetu ni nani wa kuelekezewa. Kisha akaushusha sakafuni, nami nikafungua.

Alikuwa bibi wa kizungu wa miaka themanini hivi, kofia ya sufu ya zambarau, kifaa cha kusikilizia kwenye sikio, rundo la karatasi kwenye ubao. Akaniuliza kama mimi ndiye, akataja jina. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne nikasema ndiyo. Akauliza kama mgombea wake anaweza kutegemea kura yangu mwezi ujao.

"Siwezi kupiga kura," nikasema. "Mimi si raia."

Hakuelewa, nikarudia kwa sauti zaidi. Akaitazama karatasi yake, akanitazama, akaweka kidole kwenye mstari. "Lakini upo hapa," akasema. Hakuwa akibishana. Alikuwa akinijulisha.

Bibi yule alipozama kwenye ukungu, kaka alitoa risasi moja moja akazipanga mezani.

"Miaka minne," akasema.

"Miaka minne."

"Mke wangu amefukiza ubani miaka minne. Nusura nimuue bibi wa watu."

"Najua."

"Nami nilikuwa nasema asiyejua kusoma fomu asipewe kura."

"Ulikuwa ukisema."

"Nawe umekaa hapo unakula."

"Nilikuwa nakula."

Kisha akauliza swali lenyewe. "Ulipiga?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Mtu hajui kama amepiga kura?"

Nikamweleza kuhusu kalamu na stika. Nilidhani atacheka. Alikaa akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi, na Jumatatu akaomba ruhusa kazini, akanipeleka mwenyewe kwa wakili.

Wakili alikuwa mwanamke mwenye mafua na sauti isiyopanda wala kushuka. Alisema alama ya ndiyo inaweza kuelezwa, ikitegemea nilijibu nini kwenye maswali mengine ya fomu. Saini kwenye daftari la kura haielezeki. Kama ipo, nisipeleke ombi la uraia, na nianze kufikiria mambo ya kurudi Kenya kabla hawajanifikiria wao. Angeomba kaunti nakala ya fomu ya zamani na kurasa za daftari za miaka yote minne. Akaniambia ningoje.

Nikangoja. Simu za kampeni zilikoma baada ya uchaguzi, na ukimya wake ukawa mzito kuliko sauti zake. Wifi alinisamehe siku ya tatu, akanipa kazi ya kusugua masizi ya ubani kwenye dari. Kaka aliifungia bastola kwenye kabati na hakuzungumza tena juu ya nani anastahili nini. Nilimkumbuka yule kaka mbishi wa zamani. Mezani tulisikia vijiko.

Wakili alipiga Desemba, mchana, nikiwa kwenye korido ya hospitali. Nikaegemea ukuta.

"Fomu imepatikana," akasema. "Swali la kura uliweka ndiyo. La juu yake, kama wewe ni raia, uliweka hapana. Walioipokea hawakupaswa kukuandikisha."

"Na daftari?"

Nikasikia akifunua karatasi, moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Akapenga kamasi, akaomba radhi.

"Hakuna saini. Miaka yote, mstari wako mtupu. Na jina limefutwa jana. Tutapeleka ombi lako."

"Una hakika ni mtupu?"

"Ninaziangalia kurasa zenyewe," akasema. "Kwani ulitarajia iwepo?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sikuwa na uhakika.