Barua ya Wilfred Yazunguka Bonde

Mwaka 1917 Hester Polglase alikuwa amekwisha kuchoshwa na desturi ya bonde lao. Mwanawe Wilfred, aliyejitolea kwenda vitani Ufaransa, alimwandikia mama yake. Lakini kule Gippsland, Australia, barua ya askari ilikuwa mali ya kila nyumba, na mama aliisoma mara moja tu kabla haijapakiwa pamoja na makopo ya krimu kwenda kwa jirani. Sasa posta ya meli ya kupeleka majibu Ufaransa ilikuwa inafungwa jioni ile, naye hakukumbuka barabara kama Wilfred alisema farasi wake auzwe au asiuzwe.

Alimkuta wifi yake, Adelaide, akipika jamu.

"Barua iko wapi, wifi?"

"Nimempa bwana wa gazeti aichape, watu wafaidi."

"Wafaidi nini? Mtoto kaniagiza mimi, hakuwaagiza wao."

"Usinifokee. Mchungaji aliisoma kanisani, watu wakalia. Wewe ulikuwa unasinzia."

"Nilikuwa nimekamua ng'ombe tangu alfajiri, wifi."

Gazetini alirudishiwa karatasi yake. Mizinga, matope na ushujaa vilikuwa salama. Habari za nyumbani, farasi akiwamo, mhariri alikuwa amezifuta kwa wino mzito, kwa kuwa hazikuwa na utukufu.

Hester aliinamia kaunta palepale, akaandika: "Mwanangu, farasi hauzwi mpaka uniambie tena. Safari hii andika barua mbili: moja yao, moja yangu."

Adelaide, aliyeiacha jamu yake akamfuata, alichungulia begani kwake.

"Na hiyo yako, wifi, utatusomea lini?"