Redio ya Nyumbani na ya Shambani

Mwenye duka hapa Kakamega mjini ameniwekea redio tatu mezani, na sitoki bila moja. Ni redio za bendi nyingi, za kupokea na kutuma sauti, na leseni yangu ya kuzungumza hewani ninayo mkobani. Ameniuliza, "Mama, unataka ya nyumbani ama ya kubeba?" Nimemjibu nataka moja ifanye kazi zote mbili. Amecheka kidogo. Hajui nilikotoka, lakini wewe rafiki yangu keti nikueleze.

Nyanya alikuwa na redio kubwa ya betri sita, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Betri zikichoka tulizianika juu ya paa la mabati la jikoni, kando ya mahindi, zipate nguvu. Kila siku baada ya taarifa ya mchana nyumba ilinyamaza, hata ugali ulitafunwa polepole, tukisikiliza matangazo ya vifo.

Msimu mmoja wa kupalilia miwa, dada yake nyanya alikuwa mahututi huko Mautuma. Wakubwa wakaenda shambani. Niliachiwa kazi moja tu: niteremshe betri, nifungue redio, nikisikia jina lake nikimbie kuwaita. Mimi nikaona nikiziacha juani zaidi zitapata nguvu zaidi, nikaenda kutafuta mapera. Niliporudi, matangazo yalikuwa yamekwisha.

Nikamwambia nyanya betri zilikataa.

Habari ililetwa na jirani aliyetoka huko, siku tatu baada ya mazishi. Nyanya alifika Mautuma akakuta udongo wa kaburi umeshakauka. Husemwa majuto ni mjukuu. Mjukuu huyo ni mimi. Aliporudi hakunigusa. Aliitazama redio yake, akasema, "Redio yenye haitembeangi na mwenyewe, hiyo ni kabati tu." Hakuifungua tena.

Mwenye duka amenionya kwamba inayofanya yote haitakuwa na nguvu kama ile ya kukaa mezani. Najua. Lakini hii inakubali umeme wa nyumbani na betri ya gari, ina betri yake yenyewe, na inaingia mkobani. Nimemwambia anifungie hii.

Siku hizi habari za msiba humfikia mtu kwa simu popote alipo, wala hakuna nyumba inayonyamaza mchana kuzisubiri. Kwa redio hii nitazungumza na watu wa mbali nisiowajua. Nyanya alikufa akiilaumu redio yake, na sikuwahi kumwambia kwamba betri hazikukataa. Ni mimi sikuziteremsha.