Chapati Zangu, Video ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu ana kazi ya ofisi Westlands, ana nywele zinazoelewana na upepo, na kila video anayoweka mtandaoni mama huisambaza kwenye kundi la kina mama wa kanisa. Mimi, ambaye safari yangu ndefu ni kushuka dukani hapa Parklands kununua unga, sijawahi kuonekana humo. Nilitaka hicho tu: mama anionyeshe kwa wenzake.

Basi nikaamua kurekodi chapati zangu. Kupika ndiko pekee ninakomshinda. Nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikavaa blauzi ya Jumapili, nikaanza kama nilivyolelewa: "Bwana asifiwe! Na tena Bwana asifiwe!" Nikajitambulisha, nikashukuru kwa uhai, nikasalimia walio karibu na walio mbali. Unga bado ulikuwa kwenye pakiti. Nikaiweka video mtandaoni, nikangoja. Mama hakumwonyesha hata shangazi.

Jumamosi mdogo wangu akaja kula, akaitazama huku akitafuna.

"Dada, hii ni video ama ni ushuhuda?"

"Ni adabu."

"Watu washatoroka, wewe bado unasalimia. Anza na chapati ikiwa kwa moto. Wape kitu ya kuona kwanza."

"Nani alikuuliza? Chapati zako zina pembe kama ramani ya Kenya."

"Na bado zinatazamwa."

Hilo liliniuma kuliko mafuta ya moto. Nikamgeuzia mgongo, nikapindua chapati kwa vidole huku nikimsema: wengine wanajua kupika, wengine wanajua kupaka midomo rangi karibu na sufuria. Chapati ikafura, nikaipiga kofi ikatulia. Nyuma yangu kulikuwa kimya, na mdogo wangu si mtu wa kunyamaza. Ningekuwa na akili ningeshtuka.

Jioni mama akapiga simu. Mdogo wangu alikuwa ameniweka kwenye ukurasa wake: vidole vyangu, chapati inafura, maneno yangu yanachoma, kofi, basi. Video fupi kama chafya. Mama ameisambaza, na kina mama wa kanisa wanacheka na kuomba nionyeshe ninavyokanda.

Moyo ukaniruka. Mama amenionyesha!

"Umeona," akasema kwa fahari, "vile mdogo wako anajua kushika simu?"

Nikamwambia nimeona. Kisha nikafungua chapati nilizokuwa nimemfungia mdogo wangu, akazisahau mezani, nikazila zote.