Kapeti la Nyuma ya Kiti cha Dereva

Baba alipofariki alituachia nyumba, shamba la mihogo, na gari la Kifaransa lililokaa bandani muda mrefu kuliko lilivyokaa barabarani. Alilinunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Nilizaliwa ndani ya gari hilo. Hilo nililijua tangu utotoni, na shuleni walinitania: mtoto wa siti ya nyuma.

Mwaka jana fundi mmoja wa Kilosa mjini aliifufua injini. Ikabaki kazi ya ndani. Paa lilikuwa limevuja, kapeti limeoza, na ukifungua mlango unapokewa na harufu ya panya na udongo. Mimi ni fundi cherehani, mkasi na chaki ndiyo riziki yangu, nikasema hili nitalifanya mwenyewe. Nikanunua kapeti jeusi la kukatwa kwa mita, gundi ya kopo na sponji nyembamba ya kutandika chini yake, nikaenda kwa mama.

Nilitoa viti kwanza. Kapeti la mbele lilikuja vipande vipande, nami nikavipanga uani kama gauni lililofumuliwa, ili nikate jipya kwa umbo lake. Chini ya pedali ya mafuta palikuwa na tundu, limechimbwa na kisigino cha baba. Nikamkumbuka alivyokuwa akiendesha: kichwa kimegeuka kidogo, sikio moja nyuma, kama mtu aliyeitwa na hajui ameitwa na nani. Hakuwahi kuwasha redio. Na mimi na wadogo zangu hatukuruhusiwa kuweka miguu nyuma ya kiti chake. Tulibanana upande wa pili, na mizigo tuliipakata. Sikuuliza. Kila nyumba ina miiko yake.

Nilipofika sehemu hiyo, kapeti halikutoka. Lilikuwa limeshikana na bati, gumu kama ngozi iliyoanikwa. Nikachukua kisu.

"Usikate hapo," mama alisema.

Sikujua alikuwa amesimama nyuma yangu tangu saa ngapi. Alikuwa na ungo mkononi, mchele umepetwa nusu.

"Limeoza, mama. Na chini kuna kutu."

"Kilicho chini nakijua." Akaweka ungo juu ya boneti. "Hapo ndipo alipolazwa pacha wako."

Nilimtazama nikidhani uzee umeanza kumchanganya. Lakini sauti yake ilikuwa ileile anayoulizia chumvi. Akanieleza akiwa amesimama. Nyumbani kwetu ni ng'ambo ya mto, na siku niliyozaliwa maji yalikuwa yamefunika daraja la kwenda mjini, kwa hiyo baba akaamua kumkimbiza Mikumi hospitali. Njia nzima ilikuwa tope. Hata kijiji cha Ulaya hawakufika, uchungu ukamzidi. Alitangulia pacha wangu, mvulana, akalia. Nikafuata mimi, kimya. Mama alihitaji mikono yote miwili kunisugua nipate pumzi, basi akamviringisha yule kwenye khanga iliyoloa damu, akamlaza sakafuni, nyuma ya baba.

"Nilimlaza aliye mzima, nikamshika aliye mgonjwa," alisema. "Walipotupokea hospitali, wewe ulikuwa unapumua."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Baba yako alisema mtoto habebeshwi kaburi."

Mama akakaa chini na beseni la maji ya uvuguvugu, akalowesha na kunyofoa kwa kucha, taratibu, mpaka kapeti likatoka zima. Akalikunja na kulifunga kwenye kitambaa. Mimi nikakwangua kutu, nikapaka rangi, nikatandika sponji, nikakata na kubandika. Sehemu ile ya nyuma ya kiti mama aliibandika mwenyewe. Alilainisha kwa kiganja muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji, na mara moja nilimwona akipigapiga, kama mtu anayebembeleza mgongo. Nikageuza uso. Kesho yake nilipofungua mlango kulinuka gundi mpya, na chini ya gundi ile harufu ya udongo ilikuwa palepale.

Tulikwenda Mikumi siku hiyohiyo. Baba ndiye aliyemzika mtoto, mama akiwa bado kitandani wodini, na hakuwahi kumpeleka kuona. Pale makaburini tulimkuta dada mmoja akifagia.

"Shikamoo mama," akamwamkia mama.

"Marahaba. Wachanga waliwekwa wapi?"

"Kule kwenye michongoma. Ila hayana alama, mama."

Hatukuona kitu, nyasi tu na nguzo za uzio uliohamishwa. Mama alichagua mahali. Nilichimba kwa jembe dogo, tukafukia lile furushi la kapeti, akasali kwa Kikaguru, lugha ninayoisikia nusunusu. Kuna neno alilirudia sana. Nadhani lilikuwa la kumwambia mtu alale.

Kurudi alikaa siti ya nyuma. Hatujafika Ulaya akanigusa bega.

"Simama."

Nikazima injini. Kando yetu palikuwa na mashamba ya mpunga, na mbele mwanaume mmoja akiswaga ng'ombe kuelekea kwetu.

"Hapa ndipo aliponyamaza," mama alisema. "Nilinyoosha mkono chini nikamgusa, nikajua. Wewe ndiyo kwanza ulikuwa unaanza kuvuta pumzi, kwa kukoroma. Baba yako akauliza, bado analia? Nikamjibu, bado. Ningesema kweli angesimama, na wewe ningekukosa. Kila kona aliuliza, na kila kona nikamwambia bado. Halafu akaacha kuuliza. Akasema, namsikia."

"Ulikuja kumwambia?"

"Hapana. Hospitali walisema amefia njiani, na njia ni ndefu. Mpaka anaingia kaburini baba yako aliamini alimsikia akilia hadi getini."

Ng'ombe walitufikia, wakagawanyika kulizunguka gari, wakipitisha mbavu zao kwenye milango. Mchungaji wao akaamkia, mama akaitika. Nilimsikiliza mama akipumua nyuma yangu, na kwa muda kidogo sikuwa na hakika ni yeye peke yake.

Ng'ombe wa mwisho alipopita, mama alipandisha kioo. Akasema twende, mvua isije ikatukuta na hii njia.