Swichi na Programu Tatu za Njia

Wifi yangu alipoteza macho akiwa na miaka kumi na tisa, na tangu nilipoolewa na kaka yake sijawahi kumwona akipotea njia. Kwa miaka ishirini na mbili amepokea simu za hospitali ile ile, kwenye chumba cha swichibodi kilichokuwa chini ya ngazi, na pale hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Swichi. Kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye kiti chake zilikuwa hatua mia sita na arobaini, makutano mawili na mtaro mmoja. Alikwenda na fimbo yake nyeupe huku akiimba, na jioni akirudi alinikuta kwenye cherehani yangu kibarazani, akaniuliza nimeharibu nguo ya nani leo.

Ndipo hospitali ikahama. Walijenga jengo jipya upande wa pili wa mji, mwendo wa nusu saa kwa basi. Katibu wa hospitali alimwita Swichi ofisini, akamkalisha, akamwambia kwa upole ule unaoudhi, "Dada, Jumatatu tunaanza kule saa mbili kamili. Ukifika mwenyewe, kiti chako kipo. Lakini mtu wa kuletwa na kurudishwa kwa mkono, huyo tutamwomba apumzike."

Maana ya kupumzika tuliijua sote. Mume wangu akasema basi apumzike tu, chumba kipo, chakula kipo, anahangaikia nini? Wifi aliinuka. Aliingia chumbani akafunga mlango, na mimi niliyekaa naye miaka yote hiyo nilijua kuwa yuko ndani analia. Nilikasirika, ila sikujua nimkasirikie nani kati ya katibu, mume wangu na waliojenga jengo mbali.

Tulikuwa na siku sita. Simu yake ilikuwa inasoma kila kitu kwa sauti, kwa hiyo kilichobaki ni kupata programu ya kumwonyesha njia. Nilidhani ni jambo la kuuliza mtu mmoja na kumaliza. Fundi simu wa mtaa wetu akamwekea moja, akaapa kuwa dunia nzima inaitumia. Rafiki yake aliyesoma naye shule ya wasioona, siku hizi mwalimu, akampigia simu na kumwambia hiyo aitupe, achukue nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya wasioona hasa. Kesho yake fundi akaleta ya tatu, akasema mwalimu amepitwa na wakati. Nikawa kama mtu aliyeuliza njia kwa watu watatu, na kila mmoja akanyoosha kidole upande wake.

Tukaanza kuzijaribu mtaani. Ile ya kwanza ilikuwa ya madereva, hata kama haikusema. Ilimwambia "baada ya mita mia mbili geuka kulia," akageuka, na kulia kulikuwa na lango la kuingizia malori ya saruji. Mlinzi akamuuliza kama amekuja kupakia. Ya pili, ile ya mwalimu, ilikuwa na domo. Kila hatua ilitaja kitu: duka la dawa, kinyozi, benki, kinyozi mwingine, kanisa, kinyozi wa tatu. Wifi alicheka mpaka akasimama. "Sasa nimejua mtaa wetu una vinyozi," akasema, "ila sijui niko wapi." Ya tatu haikujua chochote mpaka uifundishe mwenyewe. Unasimama mahali, unabonyeza, unapataja jina, na siku ukifika tena inakwambia umefika. Ikishakwambia hivyo, inakutajia alama inayofuata na umbali wake.

Siku ya Alhamisi alizifungua zote tatu kwa pamoja ili azilinganishe. Moja ikasema kushoto, moja ikasema kinyozi, moja ikanyamaza. Nilimwona amesimama katikati ya uwanja wetu, fimbo hewani, uso umemkunjamana, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nilimwona wifi yangu hajui aelekee wapi, tena nyumbani kwake. Nilitaka kumwambia apumzike kama kaka yake alivyosema, na nikajichukia kwa kulifikiria.

Mwisho akachagua ya tatu. "Hii angalau haijifanyi inajua," akasema.

Jumapili tukapanda basi pamoja kwenda kuifundisha. Yeye mkono mmoja alishika bomba na mwingine fimbo, kwa hiyo simu nilishika mimi. "Wewe una macho," akaniambia. "Tukifika kituoni, bonyeza." Nikabonyeza kituo, tukashuka, nikabonyeza tena kwenye lango la hospitali. Kutoka kituo hadi lango alihesabu hatua themanini na nne, kwa mkono wa kushoto, bila kuvuka barabara. Tukarudi nyumbani tukijiona wajanja.

Jumatatu asubuhi alikataa nimsindikize. Nikasema sawa, nina nguo ya bibi harusi ya kumalizia. Kisha nikachukua mkoba na kumfuata. Nilipanda mlango wa nyuma, nikakaa kiti cha mwisho, mdomo nimeufunga kama nimeushona.

Alikaa wima karibu na mlango wa mbele, hedifoni sikio moja, la pili ameliacha wazi lisikilize dunia. Tulipokaribia, konda akapiga kelele: "Hospitali mpya! Wa hospitali mpya mlangoni!" Papo hapo taa zikawa nyekundu, basi likasimama. Wifi akainuka, akashuka. Mimi nilijua kuwa kituo bado. Konda hakuona, alikuwa amegeuka kubishana na dereva. Nikaruka mlango wa nyuma kabla basi halijaondoka.

Alikuwa amesimama kando ya barabara, akageuka kushoto, akapapasa kwa fimbo, akakuta ukuta. Akageuka tena. Akarudisha simu isome upya. Mimi nilikuwa hatua tano nyuma yake na sikujua la kufanya. Nikimshika mkono, nimemfikisha kazini na nimemwachisha kazi hiyo hiyo. Nikinyamaza, saa mbili itamkuta hapa. Saa yangu ilisema moja na dakika thelathini na nane. Nilikuwa naomba hata mpita njia amwulize, lakini kila mpita njia alikuwa na haraka zake.

"Wifi," akasema bila kugeuka, "mafuta ya cherehani yananuka mpaka huku."

Nilishikwa na aibu ya mtoto aliyekutwa jikoni.

"Usinisogelee. Nijibu jambo moja tu. Simu inasema hapa ni kituo. Halafu inasema lango liko mita mia nne mbele. Jana zilikuwa hatua themanini na nne. Moja ni uongo. Ni kituo au ni lango?"

"Sijui."

"Lango ulibonyeza umesimama wapi?"

"Mbele yake. Nililigusa."

"Na kituo?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikatamani ardhi inimeze. Miaka yote ninapanda mabasi, na konda akiita jina la kituo mimi nainuka. Kila mtu anainuka. Wanaita mapema ili watu wasogee mlangoni, na jana nami niliposikia jina nikabonyeza, nikamwekea wifi yangu kituo katikati ya barabara, kwenye mwendo, kabla ya taa.

"Nilibonyeza konda alipoita," nikasema.

Akacheka, lile cheko lake la kunicheka. "Una macho mawili makubwa, halafu unaona kwa mdomo wa konda." Akafuta ile alama kwenye simu, akaelekeza fimbo mbele. "Lango ni la kweli, basi. Rudi nyumbani. Nikisikia viatu vyako nyuma yangu, narudi na mimi, na kazi basi."

Akaenda. Nikamwangalia mpaka watu wakamficha. Sikumfuata, na sikurudi pia. Nilisimama palepale nisijue kama nimemsaidia au nimemharibia, kama kujibu swali ni sawa na kumshika mkono, kama mbele kuna shimo ambalo jana hatukulikuta. Mita mia nne zote hizo hatukuzipita kwa miguu. Tulizipita ndani ya basi.

Saa mbili na dakika mbili nikapiga namba ya hospitali. Ikaita mara ya nne. Ya tano. Ya sita nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia mume wangu.

"Hospitali, habari za asubuhi. Nikuunganishe na nani?"

Ilikuwa ile sauti yake ya kazini, laini, isiyo na haraka. Nilifungua mdomo, kikatoka kilio tu.

"Wifi," akasema kwa sauti ya chini, "bado umesimama palepale?"

"Ndiyo."

"Unajua kituo cha kurudia kiko wapi?"

Nikatazama huku na huku. Jana tulirudi tumepandia kwingine, na sasa kila upande ulikuwa mgeni. "Sijui," nikasema.

"Nilipita nimefungua ile yenye domo, imenitajia kila kitu. Hapo ulipo ni kwenye taa, sivyo? Subiri watu wavuke, vuka nao. Ng'ambo kuna duka la viatu, kituo kiko baada yake. Na konda akiita mtaa wetu, usishuke. Hesabu mpaka ishirini kwanza."

Simu nyingine ikalia upande wake, akaniaga. Watu wakaanza kuvuka, nami nikavuka nao.